Mwaka Niliomuuza Nyamizi

Mwalimu Lyimo alifariki siku ya Jumanne, na Jumatano mchana nilikuwa nimekaa mkekani nyuma ya nyumba yake pale Mkuza, nachambua mchele pamoja na wanawake wengine sita, huku wanaume wakifunga turubai upande wa barabarani. Mwili ungeondoka Alhamisi kwenda Moshi, kwa hiyo kila kitu kilifanyika kwa haraka: masufuria ya kuazima yalikuwa yanaoshwa, mtu alikuwa anatafuta kamba, na mjane, Mama Upendo, alikuwa ndani na madada zake. Wanawake walikuwa wanaongea chini chini juu ya presha, kwamba Mwalimu alikuwa anaacha dawa akijisikia nafuu. Halafu mmoja akasema, "Yule mrefu wake naye yupo njiani. Yule wa Uturuki." Mikono yangu ikasimama juu ya ungo. Haikupita saa moja Nyamizi akaingia uani, akainama kupita chini ya kamba ya nguo kama alivyoinama chini ya kila kitu maisha yake yote, akavua viatu, akaja moja kwa moja kukaa pembeni yangu. Alikuwa amenenepa kidogo na nywele za mbele zimeanza mvi. "Pole, Kapteni," akasema, akavuta ungo upande wake ili tuchambue pamoja. Nikamwambia, "Pole na wewe." Ilikuwa imepita miaka kumi na tatu bila kukaa naye mkeka mmoja.

Niseme ukweli hapa mwanzoni, maana nikiuacha sura hii haina kazi. Nilipopigiwa simu na kuambiwa Mwalimu Lyimo hayupo tena, kitu cha kwanza nilichohisi hakikuwa huzuni. Huzuni ilikuja, na ilikuja kwa nguvu, lakini kabla yake kulikuwa na pumzi moja ndefu ya nafuu. Mwalimu alikuwa binadamu pekee duniani aliyejua nilichofanya mwaka ule nilipotimiza miaka ishirini na sita. Sasa hakuna aliyejua. Nilikuwa nimesimama jikoni kwangu Visiga, simu mkononi, na nilijiona ninavyopumua, nikajichukia.

Mimi na Nyamizi tulicheza mpira wa kikapu pamoja tangu shule ya sekondari, Kibaha. Mimi ndiye niliyeanza. Nilikuwa mlinzi, mfupi, mwepesi, mkono wangu wa kushoto ukiwa sawa na wa kulia, na kwa miaka mitatu mfululizo nilikuwa nahodha. Yeye alitoka Msimbu, Kisarawe, kwenye familia ya wafugaji Wasukuma waliohamia kule na ng'ombe wao, na alipofika kidato cha pili alikuwa tayari anazidi walimu wote kwa urefu, lakini hajawahi kushika mpira. Mimi ndiye niliyemfundisha kuweka miguu. Nilimshika kiuno nikamgeuza chini ya ringi mara mia, jua linawaka kwenye uwanja wa saruji, mpaka mwili wake ukajua wenyewe. Mwalimu Lyimo, aliyetufundisha Kiingereza darasani na kikapu jioni, alikuwa anacheka anasema nimepata mwanafunzi kabla yake. Tulipomaliza shule tukaendelea kucheza timu ya mtaa, na Mwalimu akamwandikia barua wakala mmoja aliyekuwa akizunguka nchi hizi kutafuta wachezaji wa kike. Barua ile ilikuwa juu yangu. Niliichapa mwenyewe. Nyamizi alikuja Dar es Salaam siku ya majaribio kwa sababu tulihitaji watu kumi ili mechi ichezeke. Siku ile nilicheza vizuri kuliko siku yoyote ya maisha yangu, hilo nalijua hata leo, na mwishoni wakala akanipa mkono akasema, "Dada, unacheza vizuri sana. Lakini watu wa saizi yako ninao wengi." Kisha akamwita Nyamizi pembeni. Mazungumzo yao yalichukua muda mrefu kiasi kwamba viatu vyangu vilikauka jasho.

Miaka miwili baadaye, ndiyo mwaka ninaousema, Nyamizi alikuwa anacheza ligi ya kulipwa kwenye mji mmoja wa pwani ya Uturuki na mimi nilikuwa nafanya kazi kwenye duka la steshenari Mkuza. Nilichapa barua za watu, nilipiga fotokopi za vyeti vya kuzaliwa, nilifunga ripoti za wanafunzi kwa zile pete za plastiki. Jirani wa duka alikuwa Shabani kinyozi, aliyekuwa na televisheni na maneno mengi. Ni yeye aliyeingia dukani siku moja ya mwezi wa kumi, nywele za mteja zikiwa bado zimemganda mkononi, akaniwekea simu juu ya mashine ya fotokopi. "Muone shoga yako. Ana bei."

Ulikuwa mchezo wa kwenye mtandao, wa ligi ile ile anayocheza Nyamizi. Sisi tuliuita fantasi, kama watu wanavyouita ule wa mpira wa miguu. Kila anayejiunga anapewa pointi mia moja za kununulia wachezaji wanane wa kweli. Kila mchezaji ana bei yake. Wakicheza mechi zao huko, wakifunga, wakidaka mipira inayorudi kutoka kwenye ubao, wakitoa pasi za mabao, wewe uliyewanunua unapata alama. Mchezaji akicheza vizuri, Jumatatu bei yake inapanda. Akicheza vibaya au akiumia, inashuka. Unaruhusiwa kubadilisha wachezaji wawili tu kwa mwezi. Basi ndivyo ilivyokuwa. Jina la Nyamizi lilikuwa chini kabisa ya orodha, picha ndogo ya paspoti, na pembeni yake namba nne.

Tulijiunga watu wanne: Mwalimu Lyimo, Shabani, muuguzi mmoja anaitwa Rehema aliyekuwa anakaa nyumba ya pili kutoka kwa Mwalimu, na mimi, Tatu. Kila Ijumaa jioni tulikutana sebuleni kwa Mwalimu. Nikifumba macho naiona sebule ile kuliko ninavyoiona ya kwangu: makochi yenye vitambaa vya kufuma vya Mama Upendo, kabati la vioo lenye vikombe ambavyo hakuna aliyewahi kuvinywea, kalenda ya kanisa, na ukutani, juu ya televisheni, picha kubwa ya timu yetu ya shule. Katikati ya picha nimeshika kombe mimi. Mama Upendo alikuwa anapika makande ya Kichaga yenye nazi, akisema ameshakuwa mtu wa Pwani, na tulikula huku simu nne ziko mezani. Mwalimu alikuwa anavaa miwani na kusoma kila kitu, mpaka maoni ambayo wachezaji wengine wa fantasi duniani waliandika chini ya jina la kila mchezaji. Maoni mengi yalikuwa kwa Kiingereza kibovu, naye alikuwa akiyasahihisha kwa sauti, kama anasahihisha madaftari.

Ijumaa ya kwanza wote watatu walimnunua Nyamizi. Mimi sikumnunua.

"Wewe Tatu, bei ya nne hiyo, ni bure," Shabani akaniambia.

"Hajazoea ligi bado," nikajibu. "Atakaa benchi."

Rehema akanitazama tu, akaendelea kula. Wiki ile Nyamizi aliingia uwanjani kipindi cha tatu na kudaka mipira kumi na moja. Jumatatu bei ikawa tano. Mwezi wa kumi na moja ikawa saba. Kila asubuhi ya Jumatatu nilifika dukani, nikafungua mlango wa chuma, na kabla sijawasha mashine nilitazama namba ile, kama mtu anayebonyeza jino bovu kwa ulimi. Ikiwa imepanda nilikuwa na siku mbaya. Mara moja, wiki aliyopata faulo tano na kutolewa mapema, ilishuka kwa nusu pointi, na siku ile nilimpigia kila mteja fotokopi moja ya bure.

Mtu asiyewahi kuona wivu wa namna hii anafikiri ni chuki. Sikumchukia. Alikuwa akinitumia ujumbe wa sauti kila wiki, akinieleza juu ya baridi, juu ya chai yao inayonywewa kwenye vigilasi, juu ya mwenzake wa chumbani anayelia akizungumza na mtoto wake kwenye simu, na nilikuwa nacheka peke yangu nikimsikiliza. Nilimpenda. Lakini kila alichokuwa nacho nilikiona kama kimetoka mfukoni mwangu. Ile hatua anayogeuka chini ya ringi, ambayo watangazaji wa kule waliipa jina, niliitengeneza mimi kwa mikono yangu. Nilikuwa nikitazama vipande vya mechi kwenye simu, naiona hatua yangu kwenye miguu ya mtu mwingine, watu elfu kadhaa wanasimama kuipigia makofi, na jina wanaloliita si langu. Sasa nina umri wa kuyasema haya bila kujitetea. Wakati ule nilijiambia kwamba mimi ni mchambuzi tu, naangalia namba.

Krismasi ilipofika nilikuwa wa mwisho katika watu wanne, na kila mtu alijua sababu. Nikamnunua Nyamizi kwa bei ya tisa, zaidi ya mara mbili ya waliyotoa wenzangu. Mwalimu alipiga meza kwa furaha. "Karibu nyumbani," akaniambia.

Mwezi wa kwanza Nyamizi akaniomba jambo. Mama yake hakuwahi kumuona akicheza, hata mara moja; kule Msimbu mtandao ulikuwa wa kubahatisha na simu ya mama ilikuwa ya vitufe. "Kapteni, nenda Jumapili ukamuonyeshe," akasema. "Mechi ni saa tisa mchana. Mwambie asilie." Nikaenda. Nyumba yao ilikuwa ya tofali na bati, imejitenga na nyumba za Wazaramo wenye mihogo na mikorosho, na nyuma yake zizi la miti ya miiba lenye ng'ombe kama thelathini. Mama Nyamizi alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, asiye na maneno ya ziada. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitika, "Marahaba, mwanangu," akanikalisha kwenye kigoda ndani, chumba cha mbele chenye giza kidogo na harufu ya moshi na samli. Akaniletea ugali wa mtama na maziwa mgando kwenye kibuyu, akakaa kunitazama nikila mpaka nikamaliza, kisha akanawa mikono, akajifuta kwenye khanga, akasema, "Haya. Nionyeshe."

Tulihangaika kutafuta mtandao mpaka tukaupata karibu na dirisha. Nikaishika simu, yeye akainamia. Hakulia. Hakuuliza nani anashinda. Alitazama robo nzima ya mechi bila kupepesa, wakati mimi nilikuwa namuonyesha, yule pale, mwenye namba kumi na nne, umeona alivyofunga? Akasema, "Mbona anakanyaga hivyo?"

"Anakanyagaje, mama?"

"Mguu wa kulia hauweki wote. Akitoka juu anatanguliza wa kushoto. Tazama. Tena."

Nikatazama. Mimi niliyemfundisha kuweka miguu, sikuwa nimeona. "Labda amechoka," nikasema.

"Uchovu unakaa miguu yote miwili," mama akasema. "Ng'ombe akikanyaga hivyo simpeleki malishoni. Namlaza, natazama kwato." Akaniangalia. "Muulize."

Nilimuuliza jioni ile ile, nikiwa bado Kisarawe nasubiri usafiri. Jibu lake lilikuja baada ya nusu saa, ujumbe wa sauti, na alikuwa anaongea kwa kunong'ona. "Mama kaona? Kwenye kisimu hicho?" Alicheka kidogo, kisha sauti ikabadilika. "Ni kweli, Kapteni. Ni unyayo. Tangu mwezi wa kumi na mbili. Nameza vidonge kabla ya mechi, na nafunga bandeji ngumu, hakuna anayejua. Sikiliza. Mwezi wa tatu wananisainisha mkataba mpya wa miaka miwili. Wakijua sasa, hawasaini. Nikishasaini nitawaambia, watanitibu wao wenyewe. Ni wiki saba tu. Usimwambie mtu, nakuomba. Mama nitamwambia naye anyamaze. Wewe sina wasiwasi na wewe." Nilimjibu nikasema, "Mimi nimenyamaza tayari." Na wakati naisema, nilikuwa nasema kweli.

Siri ile nilikaa nayo wiki mbili. Halafu ikaja Ijumaa moja, nikafika kwa Mwalimu nimechelewa kidogo kwa sababu ya mvua, nikavua viatu, nikaingia sebuleni, na nikaona kwamba picha ya timu haipo ukutani. Mahali pake palikuwa na picha nyingine, mpya, yenye fremu ya dhahabu: Nyamizi angani, mpira mikononi, ubao nyuma yake. Shabani alikuwa ameitoa kwenye mtandao na kuipeleka Kariakoo ikakuzwe. Picha ya timu ilikuwa imewekwa chini, imeegemezwa kwenye kabati, uso wake ukiwa umegeukia kabati. "Nitaitafutia msumari mwingine," Mwalimu akasema alipoona ninapotazama. Kisha, akiwa anajipakulia, akamwambia Rehema maneno ambayo hayakuwa yangu kuyasikia, lakini chumba kilikuwa kidogo: "Nimefundisha miaka thelathini. Huyu ndiye mchezaji bora niliyewahi kumlea." Bei ya Nyamizi wiki ile ilikuwa kumi na moja. Nilikula makande yangu yote. Niliaga vizuri. Nakumbuka hata nilimsifu Mama Upendo kwa kuongeza nazi.

Jumatatu, saa saba mchana, kulikuwa na mzee mmoja dukani anasubiri fotokopi za kitambulisho chake. Nilimpa kiti. Nikamwambia mashine inapasha moto. Nikakaa kwenye kompyuta, nikafungua ukurasa wa fantasi, nikabonyeza kumuuza Nyamizi, na mchezo ukaniuliza kama nina uhakika. Nikabonyeza ndiyo. Nikanunua mchezaji mwingine mzuri kwa pointi alizoniachia. Ningeishia hapo, ningekuwa mtu mwenye roho ndogo tu. Lakini nilishuka chini ya jina lake, kwenye sehemu ya maoni, na kwa jina la bandia nililojiandikishia nikaandika sentensi tatu za Kiingereza: kwamba namfahamu mchezaji huyu, kwamba unyayo wake wa kulia unauma tangu mwezi wa kumi na mbili na anauficha, kwamba mwenye akili amuuze mapema. Nikasoma mara moja. Nikatuma. Kisha nikampigia mzee fotokopi zake, akashukuru akaondoka.

Zilipita siku tisa. Siku ya kumi Shabani aliingia dukani bila maneno, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwake, akanipa simu nisome habari. Mwandishi mmoja wa michezo wa mji ule wa Nyamizi alikuwa anasoma maoni ya fantasi kama Mwalimu alivyoyasoma, akamuuliza meneja wa klabu mbele ya kamera, meneja akacheka, kesho yake wakampeleka Nyamizi hospitali kupigwa picha. Mfupa wa unyayo ulikuwa na ufa. Ndani ya wiki mbili klabu ikatangaza kwamba haitampa mkataba mpya. Bei yake ikaanguka mpaka tatu, na Jumatatu moja nikafungua orodha ya wanaouzwa, jina lake halikuwepo. Nilitafuta kuanzia juu hadi chini mara mbili. Ijumaa iliyofuata, Rehema alisema, kwa sauti ya kazini kwake, "Bora wamegundua. Ufa wa namna ile ukiendelea kuukanyagia, siku moja mfupa unavunjika wote." Sentensi ile niliishika kama mtu anayezama anavyoshika ubao. Niliishika kwa miaka kumi na tatu. Kila lilipokuja swali, nilijijibu kwa maneno ya Rehema: nilimuokoa mguu. Lakini mtu anayetaka kumuokoa mwenzake mguu anamwambia mwenyewe, haandiki kwa jina la bandia.

Mwezi wa nne ligi ikaisha na mimi nikawa wa kwanza. Wenzangu walikuwa wamemshikilia Nyamizi mpaka mwisho, wakipata sifuri kila wiki, hawakutaka kumuuza. "Wewe ulijuaje?" Shabani akaniuliza, bila ubaya. "Nimebahatisha tu," nikasema. Zawadi ya mshindi ilikuwa chakula: Mama Upendo alipika ndizi kwa nyama ya ng'ombe, nikakalishwa kwenye kiti kikubwa cha Mwalimu. Baada ya kula, Mwalimu alinimwagia maji ya kunawa kwa birika, kama ilivyo heshima kwa mgeni. Wenzetu walikuwa wametoka barazani. Alikuwa anamwaga taratibu, anatazama mikono yangu. "Tatu," akasema, "miaka yote ile nilikufundisha, na bado unasahau ile herufi moja mwishoni mwa kitenzi." Alikuwa ameyasoma maoni yale, na aliijua sentensi ya mwanafunzi wake kama fundi anavyojua mshono wake. Nikasubiri. Alinipa taulo. Hakusema neno jingine, si siku ile wala siku nyingine, na nilipoolewa na kuhamia Visiga alikuja harusini akanipa mkono. Lakini sikuwahi kualikwa tena Ijumaa.

Nyamizi alirudi mwezi wa tano. Watu walimiminika Msimbu kumuona, na mimi, nitaliandika hili nalo, niliona wivu hata kwa hilo, kwamba mtu anaweza kuanguka na bado akatembelewa. Sikwenda. Nilisema kazi nyingi. Alipona, akacheza msimu mmoja mwingine nchi nyingine, ligi ndogo, kisha akaacha, akaenda Mwanza kufundisha wasichana kikapu. Ujumbe wa sauti ukawa wa sikukuu, kisha ukaisha wenyewe.

Basi tulikuwa mkekani, ungo mmoja kati yetu. Wanawake wengine waliitwa kubeba maji, tukabaki wawili. Alikuwa anasimulia jinsi Mwalimu alivyompigia simu kila mwezi, miaka yote. Nikafikiri, nasubiri nini? Mwalimu hakuniacha huru, aliniacha peke yangu na jambo lile. Nikamwambia. Nilimwambia nikitazama mchele, kwa mpangilio, picha ukutani, mzee wa fotokopi, sentensi tatu. Vidole vyake viliendelea kuchambua mpaka nikafika kwenye jina la bandia, ndipo vikasimama.

Sikutegemea alichosema. "Nilijua ni Mama," akasema.

Sikuelewa.

"Tuliojua tulikuwa watatu, Tatu. Mimi, yeye na wewe. Wewe sikukufikiria hata dakika moja." Alikuwa anaongea polepole sana. "Nilirudi nikamwambia, mama, umeropoka. Umesema kwa watu, na mtu mwenye simu akasikia. Akakataa. Nikamwambia maneno mabaya. Mwisho akakubali. Akasema labda ni kweli, aliwahi kumwambia mwanamke mmoja kisimani kwamba mwanangu anaumwa mguu. Akaniomba msamaha. Mama yangu. Alipiga magoti." Akaweka ungo chini. "Na mimi nikamsamehe. Miaka yote hii namsamehe."

Yeye alisimama, akasimama juu yangu muda mrefu, nikasubiri anipige au aondoke. "Ijumaa tunakwenda Msimbu," akasema. "Utamwambia mwenyewe. Mimi sitakusaidia."

Alhamisi tuliusindikiza mwili wa Mwalimu mpaka barabara kubwa ya Morogoro, na Ijumaa asubuhi tukaenda. Mama Nyamizi alikuwa ameketi ndani, kwenye chumba kile cha mbele, amezeeka, macho yameingia ukungu, na ilibidi Nyamizi amwambie jina langu. "Yule aliyeniletea simu," mama akasema, na akafurahi, na furaha ile ilinichoma kuliko maneno yoyote. Nikakaa sakafuni. Nikasema tena yote, kwa Kiswahili chepesi, bila kumtaja Rehema wala ufa wala kuokoa mguu. Nilisema: si wewe, mama, ni mimi.

Mama akageuza uso, si kwangu, kwa upande aliposimama mwanawe.

"Nyamizi, umesikia?"

"Nimesikia, mayu."

"Sikuwa mimi."

"Hukuwa wewe."

Mama akaanza kulia, yeye ambaye hakulia siku ile ya mechi, na Nyamizi akashuka chini, mwili wote ule mrefu, akaweka kichwa kwenye magoti ya mama yake, wakawa wanaongea Kisukuma ambacho mimi sikijui. Nilikaa pale nikiwatazama. Ningependa kuandika kwamba nilihisi toba tu. Nilihisi pia kile kitu changu cha zamani, kikiwa hai, kikitazama wanawake wawili waliokuwa na msamaha wa kupeana, na kukitamani. Hakuna aliyenifukuza, na hakuna aliyenikaribisha. Baada ya muda nikasimama, nikatoka nje kwenye jua, nikavaa viatu vyangu mlangoni, nikaanza kutembea.